Madai ya Bima Huanzia Kwenye Faili

Mgonjwa wa malaria akisharuhusiwa kwenda nyumbani, hospitali huwa bado haijalipwa. Daktari ameandika anachougua, maabara imeona vimelea, dawa zimetolewa. Sasa lazima mtu mmoja aisome faili yote na kuigeuza kuwa misimbo ambayo bima inaitambua. Katika ICD-10, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, malaria ya Plasmodium falciparum ni B50. Malaria isiyotajwa aina ni B54. Anayeandika B54 ilhali majibu ya maabara yametaja falciparum ameutupa ushahidi uliokuwa mkononi mwake.

Ndiyo maana ni makosa kuiita kazi hii ya uchapaji. Ni kazi ya kusoma tiba.

Nchini Kenya uzito wake umeongezeka tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali ulioanzishwa mwaka 1966. Dai ambalo ugonjwa ulioandikwa haulingani na matibabu yaliyotolewa linaweza kurudishwa, na hospitali ikangoja fedha huku imeshanunua dawa na inadaiwa mishahara. Tanzania nayo ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kadiri bima inavyopanuka, ndivyo madai yanavyoongezeka, na wa kuyaandaa wanahitajika.

Kwa Mkenya, njia iliyonyooka ni masomo ya rekodi za afya na teknolojia ya habari, yanayotolewa na KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, kwa ngazi ya cheti na diploma. Taaluma hiyo ina sheria yake tangu 2016, na wanaoifanya husajiliwa. Mwanafunzi ajue pia kwamba ICD-11 ilianza kutumika rasmi Januari 2022, na humo B50 imekuwa 1F40.

Vijana wengi huvutiwa na CPC, cheti cha Kimarekani cha uandishi wa misimbo ya tiba, ambacho mtihani wake ni maswali 100 kwa saa nne. Ni mtihani mgumu na wenye heshima. Ila unapima zaidi CPT, misimbo ya huduma inayomilikiwa na Chama cha Madaktari cha Marekani, ambayo hutumika kudai malipo kwa bima za huko. Tena, anayefaulu bila uzoefu huanza na hadhi ya mwanagenzi.

Kabla ya kulipa ada, mwombaji akiulize chuo mambo mawili: mafunzo ya vitendo yatafanyika hospitali gani, na je, cheti chake kitamwezesha kusajiliwa?