Kipindupindu na Pipa la Maji la Mgahawa

Mvua zinyeshapo na vyoo vya mabondeni vikafurika, kipindupindu huwa hakiko mbali. Wewe uliye na mgahawa, banda la mama lishe au kantini ya kiwanda, umepata kujiuliza maji wanywayo watu mahali pako yametoka wapi, nani ameyateka, na kwa chombo gani?

Swali hili lina historia. Mwishoni mwa Agosti 1854 kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Broad Street, London, Uingereza. Daktari John Snow alizunguka kuuliza habari za waliokufa na mahali walipoteka maji. Kiwanda kimoja cha fataki za bunduki, chenye wafanyakazi wapatao 200, kilikuwa na mapipa mawili yaliyojazwa daima maji ya pampu ya mtaani ili wafanyakazi wanywe. Wafanyakazi 18 walikufa. Katika mtaa huo huo kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70. Hicho kilikuwa na kisima chake, na wafanyakazi walipewa bia. Mwenye kiwanda hakusikia hata mmoja wao aliyekufa kwa ugonjwa huo. (Wapenda pombe wasiifanye habari hii kuwa hoja. Kilichowaponya ni kutoyanywa maji ya pampu ile.) Naye mama mmoja mwenye mgahawa wa jirani, aliyewawekea mafundi maji hayo wakati wa chakula cha mchana, alimweleza Snow tarehe 6 Septemba kwamba wateja wake 9 aliowajua wamekwisha kufa.

Mama yule hakuwa mchafu. Maji aliyowapa wateja yalionekana safi.

Hapa kwetu, mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi, na kufikia Aprili 2016 wagonjwa walikuwa wamepita 20,000. Nyakati kama hizo amri hutolewa ya kufunga biashara za vyakula vinavyouzwa mahali pa wazi, na lawama huwaangukia mama lishe. Kwa maoni ya mwandishi huyu, lawama hizo mara nyingi ni za uonevu. Mtu asiyeletewa maji ya bomba hununua dumu la mkokoteni asilolijua asili yake. Lakini uonevu huo haumwondolei wajibu wa kuyatibu maji hayo kabla ya kumpa mteja.

Maandalizi yaanze wakati wa salama. Chemsha maji ya kunywa hadi yatokote, au yatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuyaacha nusu saa. Kisha yahifadhi katika ndoo yenye kifuniko na koki. Pipa linalochotwa kwa kikombe huchafuliwa na mkono wa kwanza uingiao, hata kama maji yalichemka asubuhi. Karai moja la kunawia wateja wote liondolewe. Maji yamiminwe kwa jagi, na sabuni iwepo. Wali na maharage ya moto si hatari sana. Tazama zaidi kachumbari, juisi na barafu, maana havipiti motoni.

Jambo ambalo wenye biashara wengi hulisahau ni mshahara. Mpishi alipwaye kwa siku, akiamka anaharisha, atakuja kazini tu, kwa sababu asipokuja watoto wake watalala njaa. Tena mtu anaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu bila dalili yoyote; na kwa atakayeugua, dalili huweza kuanza baada ya saa chache au hata siku 5. Cheti cha kupima afya kilichotundikwa ukutani hakisemi lolote kuhusu tumbo la mpishi leo. Kwa hiyo weka kibubu, au mchango kwa chama chenu, cha kumlipa mfanyakazi mgonjwa abaki nyumbani, na cha kuwakimu nyote ikiwa biashara itafungwa. Mwambie mapema kwamba posho yake ipo, ili asikufiche.

Mteja au mfanyakazi akianza kuharisha maji meupe kama ya mchele, usimfukuze kwa kuogopa jina la biashara kuharibika. Mpe dawa ya kurudisha maji mwilini. Kama haipo, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita moja ya maji safi, anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka zahanati upesi. Mahali alipochafua pamwagiwe klorini kabla ya kudekiwa, na bwana afya aarifiwe siku hiyo hiyo.