Baba, acha simu, katengeneze gari la beringi!

Sisi akina baba wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Mtoto akililia gari, mbio dukani kununua la plastiki. Likivunjika kesho yake, tunamgombeza yeye! Likizo hii nikasema hapana. Nikawachukua wanangu wawili, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa kiume wa miaka minane, tukaenda Gerezani kusaka beringi.

Kama umekulia uswahilini huhitaji maelezo. Ni lile gari la mbao linalopiga kelele mtaa mzima mpaka bibi anatoka na ufagio.

Siri ya kwanza: nunua beringi kabla ya mbao. Mafundi huzitoa kwenye magari zikianza kulia, lakini kwa kubeba mtoto bado ngangari. Tafuta nne za namba moja. Sisi tulipata 6206, ambazo nje zina milimita 62 na tundu lake milimita 30. Tundu hilo ndilo linalokupa unene wa ncha za ekseli.

Kiti ni ubao wa futi nne, unene inchi mbili. Ekseli mbili ziwe za mti mgumu, ncha zichongwe mviringo mpaka beringi iingie kwa kugongwa, kisha zuia kwa washa na msumari isichomoke. Ekseli ya nyuma ipigilie kabisa. Ya mbele ishikwe na boliti moja tu katikati ili igeuke, na nati mbili zibanane zisije zikalegea njiani. Usukani ni kamba na miguu ya dereva.

Sasa sikiliza, mzazi mwenzangu. Msumeno washike wao, wewe simamia. Mbao zetu zilikatwa upande upande, sawa, lakini yule mdogo, ambaye shuleni wanasema hatulii, alikaa saa mbili anapiga msasa ncha moja. Kimya! Na dada mtu, huku ameshikilia ubao, akaanza kusema mwenyewe. Kumbe darasani wanamcheka kwa urefu wake, wanamwita mnazi. Mwezi mzima nilikuwa nauliza "shule vipi?" najibiwa "poa".

Sikumhubiria. Nilimpa kazi ya breki, maana ndiyo kazi kubwa. Beringi ni chuma, ukiibana inateleza tu juu ya lami. Breki lazima isugue barabara yenyewe. Alichukua mti wa futi moja na nusu, akaufunga ubavuni kwa boliti, chini akapigilia kipande cha tairi. Ukivuta juu, tairi linakandamiza chini. Tulijaribu mara kumi kwa kusukuma taratibu kabla mtu hajapanda.

Siku ya kushuka kilima cha kwetu Kimara, nikatangaza: aliyetengeneza breki ndiye dereva wa kwanza. Jirani mmoja akadakia, "Mtoto wa kike na magari wapi na wapi?" Nikamwambia Marekani kuna mashindano ya magari ya namna hii, Soap Box Derby, yaliyoanza mwaka 1934. Wasichana waliruhusiwa mwaka 1971 tu. Mwaka 1975, Karren Stead, binti wa miaka 11, akawabwaga wavulana wote. Jirani akanywea.

Binti akakaa, miguu yake mirefu ikafika kwenye ekseli ya mbele bila taabu, kuliko mtoto yeyote pale. Akashuka, akakata kona, akavuta breki, gari likasimama. Watoto wa mtaa wakapanga foleni, na yeye ndiye akawa mwalimu wa udereva.

Tahadhari: chagueni njia ya ndani isiyopita magari wala bodaboda, mtu mzima asimame chini ya mteremko, na viatu ni lazima. Barabara kuu ni marufuku, hata kwa dakika moja.

Haya baba, Jumamosi hii unakwenda wapi? Mpira utaukuta. Mtoto akishafikisha miaka 15 hatakuomba tena umshikie ubao.