Mtumbwi wa Kukodi: Usiku Mmoja au Msimu Mzima?

Pale Kizuka, kwenye mwambao wa Rumonge, familia yenye mvuvi lakini isiyo na chombo hukabiliwa na swali gumu. Je, ilipie mtumbwi, taa na wavu kila usiku vinapotumika, au itoe fedha za msimu kwa mkupuo na kupunguziwa bei? Swali huwa zito zaidi pale fedha zenyewe zinapokuwa akiba ya askari aliye kambini mbali, na nduguye aliyebaki nyumbani ndiye atakayeingia ziwani.

Bei ya jumla huvutia macho. Tuseme mwenye chombo anataka faranga 20,000 kwa usiku, au 400,000 kwa mwezi. Mtu hupiga hesabu ya siku 30, akaona ameokoa 200,000. Lakini ziwa halifuati kalenda ya ofisini. Ndagala, ambao upande wa Kigoma huitwa dagaa, huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, nuru yake hutapakaa juu ya maji, na taa ya mvuvi hukosa nguvu ya kuwakusanya. Ndiyo sababu wavuvi wengi hupumzika kwa wiki moja hivi. Zimebaki siku 23. Ondoa nne za upepo, maana ule wa kusini wakati wa kiangazi haufanyi mzaha. Ondoa mbili za msiba au ugonjwa. Zimebaki 17, ambazo gharama yake ni faranga 340,000. Aliyelipia mwezi amepoteza 60,000, nazo zingenunua chakula cha watoto. Kufaidi kwataka zaidi ya usiku 20 wa kazi.

Biashara ya namna hii haiko Tanganyika pekee. Huko Marekani, kampuni ya Vail Resorts ilianza mwaka 2008 kuuza Epic Pass, kibali cha kuteleza juu ya theluji msimu mzima, kwa dola 579, watu wakilipa kabla theluji haijaanguka. Theluji ikiwa haba, muuzaji ameshapokea chake.

Hata hivyo, kulipa mapema kuna faida isiyopuuzwa: samaki wanapojaa, vyombo hugombewa, na aliyelipa ana hakika ya mtumbwi. Kwa nyumba yenye vijana wawili wa kupokezana, hakika hiyo yaweza kustahili bei yake.

Lililo muhimu ni maneno ya mapatano. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Amri kama hiyo ikishuka katikati ya msimu uliokwisha lipiwa, hasara ni ya nani? Wavu ukipasuka, nani ataushona? Yafaa yaandikwe mbele ya mashahidi wawili, na malipo yahesabu usiku wa giza tu. Mwenye chombo akikataa kuandika, mama wa nyumba na azirudishe fedha sandukuni, mvuvi akodi usiku mmoja mmoja.