Kwa Nini Uyoga wa Maruweruwe Huvuruga Tumbo

Huku Oregon, mtu aliyetimiza miaka 21 anaweza kuingia kwenye kituo chenye leseni, akala uyoga wa maruweruwe huku msimamizi amekaa pembeni yake, na asiulizwe cheti cha daktari. Wapiga kura walipitisha mpango huo Novemba 2020, vituo vikaanza kupokea watu 2023. Tangu hapo maswali kwenye magrupu yetu ya WhatsApp hayakauki, na linaloongoza si la maono. Ni la tumbo. Watu wamesikia kwamba uyoga huo hutapisha, na kila mmoja ana dawa yake: huyu limau, yule tangawizi, mwingine chai.

Maelezo yanayozunguka zaidi ni ya kaitini. Hiyo ndiyo inayojenga kuta za seli za uyoga wa kila aina, uwe wa mboga au wa kulevya, na ndiyo iliyomo kwenye gamba la kaa na kamba. Tumbo la binadamu lina kimeng'enya cha kuivunja, ila nguvu yake hutofautiana kati ya mtu na mtu. Nyumbani uyoga hupikwa ukaiva. Huu wa maruweruwe kwa kawaida hukaushwa tu, ukatafunwa hivyo hivyo. Kuna pia trehalosi, sukari ya uyoga, ambayo watu wachache hawana kimeng'enya chake kabisa. Hao wakila uyoga wowote wanaharisha, na hali hiyo imeonekana zaidi miongoni mwa Wainuiti wa Greenland.

Yote hayo ni kweli, lakini hayatoshi, na anayetaka kujua kwa nini hayatoshi aanzie Mexico.

Huautla de Jiménez ni mji wa Wamazateki katika milima ya Oaxaca. Mwaka 1955 mganga wa hapo, María Sabina, alimkaribisha Gordon Wasson, mtu wa benki kutoka New York, kwenye kesha la uyoga. Kesha hilo lilikuwa la tiba: mgonjwa analetwa, uyoga unaliwa usiku kwa jozi, mganga anaimba mpaka alfajiri. Wasson alilisimulia katika jarida la Life Mei 1957, na uyoga uliokuwa siri ya milimani ukawa gumzo la dunia. María Sabina aliilipia sifa hiyo. Wageni walifurika mjini, polisi wakamwandama, nyumba yake ikachomwa moto.

Uyoga wa huko ulifika Basel, Uswisi, kwa Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz. Kwanza alijijaribia mwenyewe kwa kula uyoga 32 mkavu, kisha mwaka 1958 akatangaza kwamba amezitenga kemikali zake mbili, silosibini na silosini. Sandoz ikatengeneza vidonge. Mwaka 1962 Hofmann alipanda milima hadi Huautla akiwa na Wasson na vidonge vyake, akampa mganga mwenyewe. Nusu saa ikapita kimya. Wenyeji wakaanza kuonyesha kukata tamaa, ikabidi Hofmann aeleze kwamba kidonge lazima kiyeyuke tumboni kwanza, tofauti na uyoga unaotafunwa taratibu mdomoni. Wakaongezewa. Haukupita muda, vikashika. Kulipokucha María Sabina alisema nguvu ya vidonge ni ile ile ya uyoga, na akafurahi kwamba sasa angeweza kutibu hata msimu ambao uyoga hauoti.

Basi kama kosa lingekuwa la kaitini peke yake, kidonge kingemaliza ugomvi. Hakikumaliza. Katika jaribio kubwa lililochapishwa Novemba 2022, wagonjwa 233 wa sonona sugu walipewa silosibini ya maabara, isiyo na hata chembe ya uyoga. Kichefuchefu kilikuwa miongoni mwa malalamiko ya kawaida, pamoja na kuumwa kichwa na kizunguzungu.

Sababu iko kwenye kazi yenyewe ya kemikali hii. Silosibini ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa silosini na vimeng'enya vya utumbo na ini. Silosini inafanana mno na serotonini, hata inakaa kwenye vipokezi vyake. Tumezoea kusikia serotonini ikitajwa kama mambo ya ubongo na furaha, kumbe takribani asilimia 90 yake imo kwenye utumbo, ambako inaendesha mwendo wa chakula na kupeleka habari za kichefuchefu kwenye ubongo. Si ajabu tumbo likajibu kabla ya macho. Ongeza hapo woga wa mtu anayesubiri asichokijua.

Limau, basi? Wanaolisifu husema linaibadilisha silosibini kabla haijamezwa. Mimi sishawishiki: asidi ya tumbo haizidiwi ukali na limau, na kazi ya kubadilisha ni ya vimeng'enya. Tangawizi ina ushahidi wake kwa kichefuchefu cha wajawazito, lakini hiyo ni habari nyingine. Wazee wa Mexico walikuwa na njia zao. Padri Bernardino de Sahagún, aliyeandika habari za Waazteki karne ya 16, anataja uyoga ulioliwa na asali kwenye karamu za wafanyabiashara, na Wamazateki hufunga kabla ya kesha.

Na anayefikiria kukimbilia kidonge ajue kwamba sheria ya Oregon yenyewe inakataza silosibini ya maabara. Inaruhusu aina moja tu ya uyoga, Psilocybe cubensis, na lazima ipimwe kwanza. Sheria ya shirikisho, hata hivyo, bado inaiweka silosibini kwenye kundi zito kabisa la dawa za kulevya, na hapo ndipo penye mtego kwa asiye raia. Ukikiri mbele ya afisa wa uhamiaji kwamba uliitumia, unaweza kunyimwa ukaazi wa kudumu au kuzuiwa mpakani, hata kama hujawahi kushtakiwa popote.

Wapo wanaokwepa gharama na makaratasi wakaenda kuokota wenyewe kwenye vipande vya mbao bustanini wakati wa mvua za vuli. Humo humo huota Galerina marginata, mdogo, wa kahawia, wenye sumu inayoua ini. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa, kukaushwa wala kutiwa limau. Kichefuchefu cha silosibini huja mapema, kwa kawaida ndani ya saa ya kwanza. Kutapika na kuharisha kunakoanza saa sita au zaidi baada ya kula ni jambo jingine kabisa, na mgonjwa anaweza kupata nafuu ya siku moja huku ini linaendelea kufa. Mpeleke hospitali bila kungoja, na ubebe mabaki ya uyoga aliokula.