Lubaina Himid: Binti wa Unguja anayewarudishia watumwa majina yao

Lubaina Himid alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake, mwalimu mwenye asili ya Komoro, alifariki kwa malaria, na mama yake Mwingereza, mbunifu wa vitambaa, akarudi kwao na kichanga cha miezi minne.

London alisomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo. Majumba makubwa ya sanaa yalikuwa hayawajali wanawake weusi, naye hakungoja kukaribishwa. Mwaka 1985 aliwakusanya wasanii wenzake wa kike, weusi na Waasia, wakaonyesha kazi zao katika jumba la sanaa la ICA, jijini humo. Nafasi waliyopewa ilikuwa ukumbi mwembamba wa kupitia watu, lakini leo maonyesho yale yanahesabiwa katika historia ya sanaa ya Uingereza.

Kwangu mimi, kazi yake kuu ni Naming the Money ya mwaka 2004. Ni watu 100 wa mbao, kimo cha binadamu, waliopakwa rangi kali: wapiga ngoma, washona viatu, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa. Hawa ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya kifalme ya Ulaya. Kila mmoja ana maneno yake mgongoni, yanayotaja jina alilopewa na wazazi, jina alilobandikwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao na anayofanyishwa sasa.

Sisi wa Nkunga na Tukuyu tuna sababu ya kuitazama kazi hii kwa makini. Ziwa Nyasa liko jirani, na kutoka kando ya ziwa hilo watu walisombwa hadi Kilwa na Unguja kuuzwa. Wengi wao hatutawajua kwa majina kamwe.

Himid huchora pia kwa mtindo wa kanga: pindo pembeni, picha katikati, jina chini. Mama yeyote anayenunua doti sokoni Tukuyu angezisoma picha hizo bila mkalimani.

Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alitwaa Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Umri huo ungemzuia mwaka mmoja kabla, kwani kikomo cha miaka 50 kilikuwa kimeondolewa punde tu. Kisha Uingereza ikamchagua kuiwakilisha katika maonyesho ya sanaa ya kimataifa ya Venice ya mwaka 2026. Natamani Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, nayo yamwalike, na kanga zake zitundikwe hapa nyumbani yeye mwenyewe akiwapo.