Mtoto akiwa ndani ya mchezo wa simu

Ndugu wazazi, siku hizi mtoto hachezi mpira wa matambara tu. Anachukua simu ya mama, anaingia Free Fire, na humo anaongea kwa sauti na watu asiowaona. Wengi ni watoto kama yeye. Lakini mtu mzima naye aweza kujiita mtoto.

Huanza na zawadi: almasi za bure, ila mtoto atume namba ya mama na zile tarakimu zilizoingia kwenye meseji. Kwa baadhi yetu laini hiyo ndiyo inayopokea pesa ya chakula! Mwingine ataomba picha, kisha atamtisha mtoto ili anyamaze.

Kaa naye akuonyeshe anavyocheza. Watoto hupenda sana kuwa walimu. Mzimishe sauti za wasiojulikana. Namba ya siri ya pesa asiijue, hata awe mtiifu kiasi gani. Akisema ametishwa, usimpige wala kumnyang'anya simu, maana siku nyingine ataficha. Hifadhi ujumbe ule, mfungie mtu huyo, halafu mwone mhudumu wa ulinzi wa watoto.

Usiku simu ilale kwako. Uraibu wa michezo hii umo katika orodha ya magonjwa ya WHO iliyoanza kutumika mwaka 2022. Kucheza Jumamosi moja si ugonjwa. Tazama anayeacha kula, kulala na shule.