Barabara inaanzia mu shamba la juu



Mwezi wa nane, njia ya kutoka Karuba kwenda Mushaki inaonekana kuwa na nguvu. Kamio inapanda, inapakia viazi, inashuka Sake, na jioni muzigo uko Goma. Kisha mvua ya mwezi wa tisa inaingia. Wiki chache tu, tairi zinachimba, potopoto inafika kwenye magoti, kamio inalala njiani. Viazi vyenye maji vinaoza ndani ya mifuko. Maziwa yanaharibika mbele ya kufika sokoni. Munuzi naye anashusha bei, kwa sababu anajua hatuna njia ingine. Pale njo tunaona kama mavuno yetu yanategemea barabara sawa vile yanategemea mbegu.

Wengi wetu tunasema kamio njo zinaharibu barabara. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kamio inamaliza kazi ambayo maji yameanza. Tufanye hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita 1 ya maji. Mvua ya milimita 30 ikianguka juu ya hekta moja, ni lita 300 000. Kama ile hekta iko juu ya barabara, na imelimwa kufuata muteremuko, maji hayana mahali pa kusimama. Yanashuka pamoja na udongo wetu muzuri, yanaziba mutaro, kisha yanapita katikati ya barabara. Siku ile ile tumepoteza shamba na njia.

Tusifikiri ni jambo dogo. Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, mvua kali ilijaza mito ya Bushushu na Nyamukubi. Watu zaidi ya 400 walikufa. Milima yetu ya Masisi iko mikali pia, na miti imepungua. Mvua hatuwezi kuizuia. Tunachoweza ni kuipunguzia mbio.

Kazi ya kwanza iko mu shamba. Wenye mashamba juu ya barabara wachimbe mitaro inayokata muteremuko, si ile inayoshuka nao. Kupata usawa, inatosha kipimo cha herufi A: miti miwili ya meta mbili, mumoja wa kuvuka katikati, kamba na jiwe. Kwenye ukingo wa juu wa mutaro, pandeni setaria ao penisetumu. Mizizi inashika udongo, na majani yanakatwa kwa ng'ombe na mbuzi. Kwa hiyo mwenye shamba hafanyi kazi kwa ajili ya barabara peke yake.

Kazi ya pili iko barabarani. Barabara ya udongo inapaswa kuwa na mugongo: katikati ipite kingo kwa sentimeta 15 hivi, kama upana ni meta 5. Mitaro ya pembeni isafishwe mbele ya mvua, mwezi wa nane na mwezi wa kwanza, na irudiliwe kila kisha mvua kubwa. Kwenye muteremuko mukali, wekeni vizuizi vidogo vya mawe ndani ya mutaro, kila meta 5 mpaka 10, ili maji yasichimbe. Tena maji yapewe pa kutokea. Hapa kuwe na masikilizano: mutaro wa kutolea maji usiishie mu shamba la jirani bila yeye kukubali. Tunajua ugomvi wa namna hiyo unaweza kukaa miaka mbele ya chefu.

Kazi ya tatu njo inaleta maneno mengi: barrière ya mvua. Mvua ikinyesha, kamio zinasimama, na zinangoja saa chache kisha mvua kukatika, mpaka udongo ukauke kidogo. Watu wamechoka na barrière, na wako na sababu. Lakini hii haina risiti wala franki. Mutu akiomba pesa pale, si barrière ya mvua tena. Ni vizuri ilindwe na watu wawili, mumoja wa koperative na mumoja wa kijiji, na saa ya kufunga na kufungua iandikwe.

Tuko tunajua inauma. Kama munuzi amekuja na kamio, na wewe uko na mifuko 20 ya viazi pembeni ya njia, kungoja ni kama kupoteza. Lakini kamio moja yenye muzigo ikipita mu potopoto inaacha mifereji, mvua ya kesho inaingia humo, na wiki ijayo hakuna kamio inayokuja. Mumoja anauza leo, wengine mia wanakosa kuuza.

Hatusemi wakulima wafanye kazi ya serikali. Madaraja, mabuze na mashine ni kazi ya Office des Routes, na ya OVDA kwa njia za mashamba. FONER, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2008, inakusanya pesa za kutunza barabara kupitia mafuta ya gari na peaje. Tuendelee kuuliza, kwa maandishi. Lakini jembe na mawe viko mikononi mwetu. Hata kule Vanuatu, visiwa vya mbali mu bahari ya Pasifiki vinavyopigwa na dhoruba, programu ya barabara iliyosaidiwa na Australia ilifundisha wenyeji kutengeneza njia zao. Mashine ikichelewa kufika, mwenye kukaa karibu na mutaro njo anauokoa.

Salongo bila chakula inachosha, na hapo kamati nyingi za barabara (CLER) zinakufa. Kwa hiyo, mu mukutano mukubwa kabla ya musimu A, tunaomba kila koperative iamue mambo matatu: nani anasafisha kipande gani, nani analinda barrière, na kila mufuko unaouzwa utaacha kiasi gani kwa wale wanaofanya kazi. Kiasi hicho muamue nyinyi wenyewe, na hesabu isomwe mbele ya wote.

Mvua ya kwanza isitukute tukingali tunajadiliana.